Jinsi Shangazi Alivyomrudisha Mumewe Kitandani

Shangazi yangu ni kipande kidogo cha mwanamke. Mumewe ni pande la mtu aliyeuza nyama maisha yake yote, huku akijihesabu mteja wa kwanza. Kiharusi kilipompooza upande mmoja, watu walimwonea huruma mgonjwa. Mimi nilikionea huruma kitanda.

Dada wa mgonjwa, yaani wifi yake Shangazi, aliamua kwamba kaka yake ahamie kwake, maana huku hakuna mtu wa kumnyanyua. Shangazi hakutaka hata kulisikia hilo. Anampenda yule mzee, ingawa ukimuuliza atakwambia amemzoea tu.

Na kunyanyua ndiyo kazi iliyomzeesha Shangazi. Amekuwa kibarua wa ujenzi tangu usichana, na huko alijifunza kifaa kipi kina huruma na kipi hakina. Mtaimbo aliupenda kuliko vyote: unaweka tofali chini yake, karibu na jiwe, wewe unaelemea mkia kule mbali, na jiwe linanyanyuka. Toroli lilifuata, kwa sababu mzigo unakaa kati ya gurudumu na mikono, na gurudumu linabeba sehemu kubwa. Koleo alilitukana kila siku. Mkono mmoja unashika mwisho wa mpini, mwingine unainua katikati, na mchanga uko kule mbele, hivyo unatoa nguvu kuliko uzito wa mchanga wenyewe.

"Koleo linakufikisha mbali," husema, "lakini kukusaidia, halikusaidii."

Basi toroli likawa gari la mzee. Kila asubuhi alitolewa nje kuota jua, mto mgongoni, akiwapungia majirani kwa mkono ule mzima kama mtu anayegombea ubunge.

Siku wifi alipofika kumchukua, pamoja na wanawe wawili wanaonyanyua vyuma, mzee alikuwa ameteleza kitandani na kulala chali sakafuni. Vijana waliinama, wakanyoosha mikono, wakamvuta. Mmoja akashika kiuno na kuketi chini polepole.

"Mjomba, ulikuwa unakula nini?"

"Faida," alisema mzee. Ulimi wake haukupooza, kwa bahati mbaya.

"Mnamchota kama mchanga," Shangazi aliwaambia. "Mikono mbele, mzigo mbali. Hebu pisheni."

Alileta mlango wa zamani uliokuwa uani, matofali na mtaimbo. Alikunja goti la mumewe, akalisukuma, na mwili wote ukageuka kulifuata goti. Akausogeza mlango chini yake, akamlaza juu. Kisha akauingiza mtaimbo chini ya ncha moja ya mlango, akaukalisha juu ya tofali, akaning'inia kwenye mkia kwa uzito wake wote. Mkia ulishuka karibu kugusa sakafu. Mlango ulipanda unene wa tofali.

"Wifi, sukuma tofali hapo chini."

Wifi akasukuma. Shangazi akahamia ncha ya pili, akaning'inia tena. Tofali. Ncha ya kwanza, tofali. Wifi alianza kutokwa jasho na kuangalia saa.

"Hivi mpaka afike kitandani ni saa ngapi?"

"Saa ya chakula."

"Na akianguka kesho?"

"Tunaanza upya." Shangazi alisema hayo akiwa juu ya mtaimbo, miguu hewani. "Huu unakupunguzia uzito, wifi, haukupunguzii kazi. Nguvu usiyoitoa unailipa kwa mwendo, kidogokidogo, asubuhi nzima. Kwako nani ana asubuhi nzima?"

Wifi aliwatazama wanawe. Mmoja alikuwa bado ameshika kiuno, mwingine alikuwa kwenye simu. Nilimwonea uchungu kweli, kwa sababu anampenda kaka yake na jibu alikuwa nalo.

"Hakuna," alisema.

Mzee aligeuza kichwa juu ya mlango wake.

"Basi weka hilo tofali, dada. Mke wangu ananing'inia."