Mlinzi wa Magofu Atazamaye Visigino

Babu yake mlinzi huyu aliyalinda magofu haya ya hekalu la kale, na baba yake akamrithi. Wote wawili walistaafu wakiwa na jina safi. Hakuna aliyewahi kuulizwa jiwe fulani liko wapi.

Saa moja asubuhi, mlinzi huyu, ambaye watu wa langoni humwita Bwana Nyuma, anafagia ua wa hekalu huku jicho moja likiwa kwa msafiri mwenye begi mgongoni na tabasamu lisilokwisha. Hamtangulii mgeni hata siku moja. Humfuata.

"Mzee wangu, si ukanywe chai? Sitapotea," msafiri anamwambia wanapofika kwa simba wa mawe.

"Chai nimekunywa, bwana. Na kupotea, najua hutapotea wewe."

Msafiri anainama nyuma ya simba kufunga kamba za kiatu. Anakawia. Anapoinuka, mlinzi anachungulia: ukucha mmoja wa simba haupo.

Langoni, bintiye, mkata tiketi, anamvuta kando.

"Baba, jamani! Ofisi imekuonya mara mbili. Mgeni mwingine akilalamika, kazi huna."

"Ukucha ulikuwepo jana, mwanangu. Afungue begi."

Begi linafunguliwa. Shati, taulo, chupa ya maji, basi. Msafiri, amefura, anadai jina la mkuu wa ofisi. Binti anainamisha uso. Mlinzi anavua kofia, anaomba radhi akiwa wima kama alivyolelewa. Lakini moyo wake umekataa katakata kutulia.

Msafiri anaondoka. Kwa mazoea, mlinzi anamfuata.

"Bwana! Uliingia ukitembea sawasawa. Mbona sasa unachechemea?"

"Kokoto tu, limeingia kiatuni."

"Basi vua, tulione."

Ukucha wa jiwe unadondoka, mdogo kama punje ya hindi.

"Baba wewe!" binti anaangua kicheko. "Na mimi nilishaanza kukutafutia mbuzi wa kuchunga!"

Mlinzi hacheki. Anaufunga ukucha ndani ya leso, mafundi waje kuurudisha. Mwakani anastaafu, na tumaini lake ni bintiye aiache tiketi, aishike zamu yake, ya nne katika ukoo.

"Nyinyi vijana, wekeni simu chini mnisikilize," anamwambia bintiye na vijana wenzake wa langoni, kidole juu. "Mgeni mkaribisheni kwa heshima zote. Kisha kaeni nyuma yake, mtazame visigino."