Kanuni Iliyomsingizia Gatesi

Simu ya wifi yangu Gatesi ilinikuta mjini Baraka, kando ya ziwa, kwenye mazoezi ya kwaya.

"Wifi, Déo ametuacha. Ni moyo."

Déogratias, kaka yangu, alifundisha kemia kule juu milimani. Bwana alimjalia kila kitu isipokuwa kunyamaza. Mwaka aliooa, mama yetu alipanda kuwatembelea. Maharagwe yalichemka tangu asubuhi hadi jua kuzama, yakabaki mawe.

"Huyu muke iko anaogopa kuni ao kazi?" mama aliuliza.

Mume mwenye akili angetafuna tu. Kaka yangu alifungua kitabu. Ndani mlikuwa na kanuni ya presha ya mvuke, inayoonyesha maji yatachemka kwenye joto gani pale hewa inapokuwa nyepesi. Simu yake ilipima presha ya hewa ya pale: 750. Akaiingiza kwenye kanuni, akapata karibu nyuzi mia moja, kama kwenye usawa wa bahari.

"Mama, milima haina kosa," alitangaza.

Basi kosa likabaki la Gatesi. Asubuhi alirudi kwa baba yake, akaapa hatatoka huko mpaka jina lake lisafishwe.

Déo alijipikia ugali wenye mabonge hadi siku alipoandaa somo la kubadili vipimo. Hapo akashika kichwa. Simu ilikuwa imepima kwa hektopaskali, na kanuni ilitaka milimita za zebaki. Ile 750 ya simu ni 563 tu ya kanuni. Akarudia hesabu: kule juu maji huchemka kwenye nyuzi tisini na mbili. Yanatokota vizuri, lakini hayana joto la kutosha.

Akamburuta mama hadi kwa wakwe, akaandika kosa lake kwa chaki kwenye mlango wao. Mzee Sebasaza, baba yake Gatesi, alisogea mlangoni kusoma.

"Mukwe, na mbinguni kulivyo juu, batakatifu banakula maharagi mabichi?"

"Papa, kule sijapima."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alimwendea Gatesi.

"Mutoto wangu, nilikusingizia. Unisamehe. Rudi, huyu mwalimu tumuchunge wawili, peke yako hautamuweza."

Gatesi akarudi.

Tulimzika Déo kwetu Baraka, siku ya Jumamosi. Mchungaji alisoma Zaburi, tukaimba wimbo mmoja. Wazee wa ukoo walimwambia mama atupe udongo wa kwanza. Mama alikataa, akamshika Gatesi mkono, akamtanguliza. Gatesi akatupa, kisha mama, kisha mimi. Vijana wakafukia.