Reli Iliyoning'inia Masereka

Kosa langu la kwanza katika kazi hii, mwanangu, lilikuwa kugonga reli ya watu bila kuwaambia. Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu bado hazijajaa kidevu. Aliyetangulia kuungua ana haki ya kusimulia moto, hata kama ni kijana.

Nakumbuka redio ilikuwa imetangaza kwamba shirika la reli la taifa linatafuta mawazo ya vijana, ya kuzifanya upya njia za treni zilizozeeka kule kusini ya nchi. Unajua huku kwetu hakuna treni. Tangu utoto wangu tunaahidiwa moja, na watu wa Butembo wamejifunza kuisikiliza ahadi hiyo kama mvua inayonyesha mlima wa ng'ambo. Hata hivyo wazo lilinikaa. Mimi ni fundi wa simu wa Bulengera, mtaa wa Butembo. Chuo changu ni video na vitabu vya kuokota. Nilijiuliza: reli ikianza kupasuka ndani, nani atajua kabla treni haijaanguka?

Nikatengeneza chombo. Kilikuwa na maikrofoni ya simu iliyokufa, sumaku ya kukishikiza kwenye chuma, na programu niliyoiandika mwenyewe. Unagonga chuma kwa nyundo, chombo kinasikiliza. Chuma kizima huimba kwa muda. Chenye ufa sauti yake hukatika mapema, hata kama sikio la mtu halisikii tofauti.

Shida ni kwamba sikuwahi kuona reli iliyolala chini. Niliyoijua ilikuwa imening'inia. Huko Masereka, kijijini kwa mama yangu, mbele ya kanisa, kuna kipande cha reli kilicholetwa na lori zamani za mababu. Kimefungwa kwenye boriti ya mkaratusi kwa tundu lake la juu, na ndicho kengele ya ibada. Watoto wa shule ya Jumapili husimama chini yake wakisubiri kuingia.

Sasa niungame. Nilikuwa na hofu, na nilimshuku kila mtu. Jirani akisimama mlangoni, nilifunika meza kwa kitenge. Rafiki akiuliza, nilisema natengeneza redio. Niliogopa wazo langu litaibwa kabla halijakamilika, na kwangu mimi hakuna kilichowahi kukamilika. Nilikuwa nikiandika programu ile upya na upya, kama mtu anayeosha mikono iliyokwisha takata. Kwa hiyo nilichagua siku ya kazi, asubuhi, watu wote wakiwa kwenye mashamba ya viazi. Nikapanda pikipiki mpaka Masereka, nikabandika chombo kwenye ile reli, nikaizungushia nyundo kitambaa. Nikagonga polepole. Chombo hakikusikia vizuri. Nikatoa kitambaa, nikagonga kwa nguvu, mara nyingi.

Mwanangu, wewe ni wa hapa, huhitaji kuambiwa. Kengele inayolia siku isiyo yake, saa isiyo yake, ina maana moja tu kwetu: wauaji wanakuja, kimbieni. Mashamba yote yalisimama. Kisha niliona wanawake wakishuka bondeni mbio, watoto mgongoni, majembe yakibaki yamelala. Mimi nilibaki na nyundo mkononi kama mjinga.

Wanaume walirudi kwanza, na mapanga.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu."

"Ona huyu! Anatoka Butembo na pikipiki, anakuya kupiga kengele yetu, na hakuna mutu alimutuma!"

"Ni ba mitraille," mwingine akasema, akimaanisha wanunuzi wa vyuma vikuukuu. "Anapimaka kilo na nyundo."

Watu walicheka, lakini halikuwa cheko la kunikaribisha. Mama mmoja mwenye matope hadi magotini hakucheka kabisa. "Mimi nilikimbia Beni na batoto," akaniambia. "Leo umenikimbiza tena. Juu ya nini?"

Niliweka nyundo chini. Walinitambua kwa jina la mama yangu, wakaniacha niende.

Hapo ndipo kosa la pili lilipozaliwa, baya kuliko la kwanza. Chombo kilikuwa kimenionyesha kwamba sauti ya reli ile inakatika mapema. Ilikuwa na ufa, pengine penye tundu linaloibeba. Nami nilinyamaza. Nilijiambia jaribio moja halitoshi, labda programu ina kasoro. Nilijiambia pia kwamba nikisema ishushwe, watasema: si tulijua, anataka kuiuza! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilikuwa nimeficha maradhi yasiyokuwa yangu.

Kila Jumapili iliyofuata niliimba kanisani Bulengera huku nikiwaona akilini watoto wa Masereka wamesimama chini ya chuma kile. Hatimaye Jumapili moja niliondoka kabla ya mahubiri, nikapanda mlimani.

Anayetunza kengele ile ni Mukaka Masika, bibi mmoja shemasi, ambaye siku ile alikimbia na mtoto wa jirani mgongoni. Nilimkuta nje baada ya ibada, nikamweleza yote: redio, chombo, kitenge mezani, ufa. Alinisikiliza akiwa ameshika fimbo ya kugongea.

"Weye ulitushuku sisi tuko baizi," akasema. "Sisi tulikushuku weye uko muizi. Sasa nani alibakia wa kusema kweli?"

Nikamwomba msamaha. Nikatoa simu nimwonyeshe mistari ya sauti. Akaisukuma kando.

"Hiyo unaisikia weye peke yako. Ukisema iko mubovu, iko mubovu. Ukisema muzima, muzima. Lakini sisi je? Fanya kitu macho yetu itaona."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu kitu hicho nilikijua. Nilikuwa nimesoma kwamba mafundi wa reli wa zamani walipaka chuma mafuta, wakakipangusa, kisha wakakipaka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari. Nilikuwa nimekidharau, nikasema ni cha kizamani, mimi nataka kipya.

Nilimweleza, akawaita watu, na vijana wakashusha reli kwa kamba, wazee wakiwa wamenizunguka kwa karibu, maana bado hawakuniamini, na walikuwa na haki. Mukaka alituma yaletwe mafuta ya taa na unga wa muhogo. Tukapaka mafuta, tukangoja, tukapangusa, tukanyunyiza unga. Reli ikawa nyeupe. Hakuna kitu. Mtu nyuma yangu akasema, "Ee, fundi, tupike bugali sasa?" Jasho lilinitoka. Kisha polepole mstari mweusi ulianza kutembea kutoka kwenye tundu, ukapita ubavuni, ukaendelea karibu hadi upande wa pili, mahali ambapo sikutaka ufike.

Yule mama wa Beni alimvuta mtoto wake nyuma, ingawa chuma kilikuwa tayari kimelala chini.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe unayetaka kugundua kitu. Kushuku ni kuzuri. Reli isiyoshukiwa huua. Lakini ushuku chuma, ushuku hesabu yako, ushuku ahadi za redio. Kazi yako uiweke mahali ambapo anayekushuku anaweza kuikagua kwa macho yake. Na ukiona hatari, usingoje kuwa na uhakika kamili ndipo useme. Sema unachojua, na useme pia usichokijua. Chombo kizuri kisicho na watu wanaokiamini hakitazuia treni kuanguka.

Mungu akupe sikio la kusikia ufa, na akupe ulimi wa kuutangaza. Aifikishe treni huku siku moja, na ikifika, ikukute umesimama hadharani.

Shirika lile la reli, nililolitumia wazo langu baadaye, halijanijibu hadi leo. Masereka, fundi wa kuchomelea alikata sehemu yenye ufa, akatoboa tundu jipya, na kengele inalia. Mimi nimetoa kile kitenge mezani, na kabla ya kugonga chuma chochote, nawaambia watu kwanza.