Kiingereza cha Mlimani

Nikisikia harufu ya viatu vilivyolowa vikikauka karibu na moto, hata leo, nakuwa tena mtoto wa miaka tisa. Msimu ule wa mvua jikoni kwetu kulinuka hivyo kila mara. Tuliishi juu kidogo ya mji mdogo wa Kwa Sadala, kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, migomba imeizunguka nyumba na mibuni imejibanza chini ya kivuli chake. Baba mdogo Elia alikuwa akiongoza watalii mlimani. Kila aliposhuka alikuja moja kwa moja jikoni, akavianika viatu vyake karibu na moto, na darasa likaanza. Mwanafunzi alikuwa mama yangu.

Mama ni mzaliwa wa Bujumbura. Baba, dereva wa malori, alimwoa huko akamleta kwetu, na hakuna aliyeuliza habari za uraia mpaka baba alipofariki. Hapo ndipo tulipoambiwa kwamba kibali chake cha kuishi nchini kilimtegemea mume, na mume hayupo tena. Sikuamini masikio yangu. Mwanamke aliyepalilia kahawa ile, aliyempikia babu kiburu, ndizi na maharage vikachanganyika mpaka vikalainika vile babu alivyopenda, eti ni mgeni! Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na swali moja tu: wakimrudisha kwao, mimi nabaki na nani? Babu alikuwa mkali kuliko wote. "Huyu ni mtoto wangu," alisema. "Aende wapi, na kaburi la mumewe liko hapa mgombani?" Akaamua mama aombe uraia.

Elia ndiye aliyeleta habari ya lugha. Alisikia mjini kwamba mwombaji husailiwa, na asiyejua lugha hapati kitu. Lugha gani, hakuuliza, na sisi hatukumwuliza. Ofisi ya serikali, meza kubwa, mihuri, ingekuwa lugha gani kama si Kiingereza? Mama alisoma kwa Kifaransa. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Basi Elia akamfundisha kile alichokuwa nacho, nacho kilikuwa Kiingereza cha kupandishia watalii. Umelala vizuri? Kichwa kinauma? Kunywa maji. Taratibu, tutafika. Choo kiko nyuma ya lile jiwe. Mama alikariri akimenya ndizi, akakariri tena akikata majani ya ng'ombe. Siku moja nilimkuta akimwuliza ng'ombe kwa Kiingereza kama kichwa kinamuuma, tukacheka mpaka mbavu zikatuuma. Kisha akakaa juu ya ndoo, akaanza kulia. "Neema, mwanangu, hakiingii," alisema. Nami kwa woga nikamfokea mama yangu mzazi, "Rudia, mama! Rudia!"

Siku ya usaili babu alivaa koti lake la kanisani, tukateremka wote watatu hadi Moshi mjini. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti ya upole. Alituruhusu mimi na babu tukae kwenye benchi nyuma, akamgeukia mama. "Karibu, mama. Habari za nyumbani?" Mama akasimama wima kama anaimba kwaya, akamwuliza kwa Kiingereza kama alilala vizuri. Ofisa akakodoa macho. Jasho likimtiririka, mama akauliza kama kichwa kinamuuma, akamshauri anywe maji. Nilijua kinachofuata ni choo. Nikaruka kutoka kwenye benchi, nikamvuta mama gauni kwa nguvu.

"Mama, unaumwa?" ofisa akauliza.

"Hapana, dada yangu," mama akajibu kwa Kiswahili, na machozi yakamtoka. "Kiingereza changu ndicho hicho, kimekwisha. Nakuomba, msinitenganishe na mtoto wangu."

Ofisa akavua miwani. "Kiingereza amekudai nani? Inatakiwa Kiswahili au Kiingereza, kimojawapo. Na hicho unachozungumza sasa hivi ni nini?"

Jamani! Mimi nilibaki nimeshika gauni la mama. Alikuwa akizungumza Kiswahili tangu utotoni kwao, na kwetu alikisema vizuri kutuzidi sisi tuliotanguliza Kichagga. Msimu mzima wa machozi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba lugha yetu wenyewe ingefaa kitu mezani kwa serikali! Nilishtuka, kisha nikakasirika, na hasira ile haijaniisha. Usaili uliendelea kwa Kiswahili. Majibu yalichelewa sana, lakini uraia aliupata, na Elia alitaniwa mpaka akakoma kuja jikoni na viatu.

Mwaka huu nimerudi nyumbani na mwanangu, aliyezaliwa na kukulia ughaibuni. Yeye ni Mtanzania kwa sababu mimi ni Mtanzania. Hakuna aliyemsaili lugha. Aliamka na homa, mama akaingia chumbani na bakuli la mtori wa ndizi. "Pole, baba. Unajisikiaje?" Mtoto akamtazama, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiingereza bibi anasema nini. Niliona aibu kiasi kwamba sikuweza kutafsiri. Mama akaweka bakuli chini, akasimama wima kama siku ile. Akamwuliza kwa Kiingereza kama alilala vizuri. Kama kichwa kinamuuma. Kunywa maji, akamwambia, taratibu, tutafika. Mtoto akatabasamu, akamwuliza choo kiko wapi. Mama hakusita hata kidogo: kiko nyuma ya lile jiwe.

Mtoto akatoka kwenda mgombani kwa babu zake, akaanza kulitafuta jiwe. Mimi nimeganda mlangoni, sijui nicheke au nilie. Mama akanisukuma begani.

"Mfuate, Neema," akasema. "Mgeni huyo, atapotea."