Alimasi, Aliyeandikwa Fundi

Watu wengi hupewa majina na wazazi wao. Alimasi wa Kasongo alipewa jina la pili na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, na jina hilo likamkalia mabegani miaka tisa.

Hizo zilikuwa zama za Wabelgiji, miaka michache kabla ya vita vya pili vya Wazungu. Alimasi alikuwa kijana wa miaka ishirini, yatima aliyelelewa na mjomba wake, mzee Sumaili, mchongaji wa milango katika mtaa wa Waislamu wa Kasongo. Milango ya Sumaili ilijulikana mpaka Nyangwe. Mtu akioa, akijenga, au akitaka tu jirani aumie roho, alikwenda kwa Sumaili kuagiza mlango. Na Sumaili alikuwa na kipimo kimoja cha kazi, ambacho hakikununuliwa dukani. Mwanafunzi akimaliza kuunga mbao mbili, mzee alifumba macho, akapitisha gumba lake polepole juu ya ubao. Gumba likikiona kiungo, kazi ilivunjwa, hata kama ilichukua wiki nzima. Gumba lisipoona kitu, mzee aliuliza tu, "Kiungo iko wapi?" Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake yote, na Alimasi katika miaka minane ya kujifunza hakuwa ameisikia hata mara moja.

Tena, kwa desturi ya mafundi, mwanafunzi hawi fundi kwa kujiita. Siku ya kuhitimu humpelekea mwalimu wake kilemba, yaani kitambaa kizuri cha kufunga kichwani na chochote alichojaliwa, na mwalimu akikipokea humwita fundi mbele ya watu. Kabla ya hapo wewe ni mwanafunzi, hata ukiwa na mvi.

Alimasi hakuwa na mvi wala subira. Aliona vijana wenzake wakirudi kutoka kazi za Wazungu na kofia na baiskeli, na yeye bado anafagia vumbi la mbao. Asubuhi moja alimwambia mjomba wake kwamba anakwenda kwenye dhahabu kutafuta kilemba. Mzee akasema bado mwaka mmoja. Kijana akasema mwaka huo huo umekuwa bado tangu mwaka juzi. Maneno yakaenda, maneno yakarudi, na mengine hayakustahili kusemwa kwa mzee. Mwishowe Alimasi akafunga mzigo wake, akaliacha kasha la kuwekea mchele alilolimaliza usiku uliotangulia, lile ambalo gumba la mzee halijalipitia, akaondoka pasipo kuagana. Mama Amisa, mke wa mjomba, alimfuata mpaka njiani na muhogo wa kuchoma. Mzee hakutoka nje.

Kambi ya kampuni ya dhahabu ilikuwa mwendo wa siku tano, ng'ambo ya mto Lwama, katika vilima vya nyuma ya Kabambare. Mstari wa waliotaka kazi ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Alipofika mezani, karani hakuinua hata uso. Akauliza, "Weye nani?"

Mtu mwingine angetaja jina lake. Lakini Alimasi alikuwa ametembea siku tano akijibishana na mjomba wake kichwani, na jibu la mabishano hayo ndilo lililomtoka. "Miye fundi," akasema.

Karani akaandika: Fundi. Hapo ni mahali pa jina. Mahali pa kazi hakuuliza tena. Alijaza neno alilowajazia wote waliotangulia, "manevri", maana yake kibarua, mtu wa kubeba na kuchimba. Akagonga muhuri, akampa buku lake la kazi, akaenda kula. Alimasi hakujua kusoma. Alilikumbatia lile buku kwa furaha kama amepewa mtoto.

Alilijua kosa siku ya posho. Maseremala walipewa nyumba ya matofali, samaki wa chumvi na mshahara mara mbili ya kibarua. Yeye akapewa koleo, kibaba cha unga na nafasi katika kibanda ambacho mlango wake ulikuwa mkeka uliotoboka. Akaenda kwa karani kulalamika. Karani akasoma buku, akacheka mpaka akakohoa. "Jina lako iko Fundi," akamwambia. "Unataka nini tena?"

Basi akawa Fundi. Kambi nzima ilimwita hivyo, kutoka alfajiri mpaka jioni. Fundi, beba hili. Fundi, sogea. Fundi, umeiba koleo la nani? Waswahili husema mtu kavikwa kilemba cha ukoka pale anaposifiwa kwa uongo, na Alimasi alivikwa cha kwake kila siku, bure, na watu ambao hata hawakujua kwamba wanamsifu. Neno alilolitamani kuliko yote duniani lilikuwa limejaa masikioni mwake, na hakuna aliyelimaanisha. Hilo lilimuuma kuliko koleo. Wakati mwingine aliona ni adhabu halali, kwa sababu alijiita fundi kabla ya kutoa kilemba, na Mungu akamkubalia ombi lake kwa namna ya kumcheka.

Ufundi wenyewe lakini haukufichika. Dhahabu ya kule ilioshwa katika mifereji mirefu ya mbao, na mfereji ukivuja, dhahabu inakwenda na maji. Mwaka wa pili mfereji mmoja ulivuja, maseremala wa kampuni wakaupigilia misumari mpaka ukafanana na nungunungu, na bado ukavuja. Alimasi aliyekuwa amesimama pale na koleo hakuweza kuvumilia. Aliomba patasi, akang'oa misumari yote, akaunga mbao jinsi alivyofundishwa, na maji yakakaa mahali pake. Mzungu msimamizi alizunguka ule mfereji mara mbili akitafuta tone. Tangu siku hiyo kila mfereji mpya ulipitia mikononi mwa Alimasi. Mshahara ukabaki wa kibarua, kwa kuwa buku lilisema kibarua, na Mzungu alimwambia kwamba buku likishaandikwa limeandikwa.

Kila alipomaliza kiungo alifumba macho na kupitisha gumba lake. Akajaribu kuliona kama gumba la mwingine, gumba nene lenye kovu la tezo karibu na ukucha. Haikuwezekana. Gumba la mtu haliwezi kumdanganya mwenyewe. Lilijua kiungo kiko wapi kwa sababu ndilo lililokitengeneza. Hapo ndipo alipomkumbuka mzee yule mkali, na Kasongo yote ikamjia: harufu ya mvule mbichi, wali wa Mama Amisa, sauti ya tezo kabla ya adhana ya adhuhuri.

Kila mwezi aliweka akiba kidogo. Mwaka wa nne alinunua kitambaa cha hariri nyeupe chenye ukingo wa dhahabu kwa mchuuzi aliyepita, akakifunga katika majani makavu ya ndizi kisiingie nondo. Kilemba kilikuwa tayari, lakini mkataba ulikuwa haujaisha. Ulipoisha, vita vilikuwa vimeanza huko kwa Wazungu, na wakamwongezea miaka. Na kusema kweli, aliogopa pia. Katika miaka yote hiyo hakuwa amepata barua wala salamu kutoka kwa mjomba wake. Akajua mzee bado ana hasira, na mtu hampelekei kilemba mzee mwenye hasira. Anaweza kukikataa mbele ya watu, na aliyekataliwa kilemba chake afadhali abaki na koleo.

Mwaka wa tisa karani wa kwanza alihamishwa. Akaja mwingine, Placide, kijana wa misheni ya Kasongo, mtu wa kusafisha kila kitu. Katika kusafisha ofisi alikuta nyuma ya kabati sanduku la barua zisizo na wenyewe. Tatu kati ya hizo zilikuwa na mwandiko mmoja. Asubuhi ya kuhesabiwa watu, Placide akasimama nazo mbele ya mstari.

"Alimasi mutoto ya Kasongo iko hapa?" akauliza.

Watu wa Wamaza walitazamana na watu wa Kabambare. Placide akarudia. Alimasi mwenyewe alikuwa amesimama katika mstari wa pili, akiwaza yule Alimasi maskini ni nani asiyesikia anaitwa. Mara ya tatu ndipo alipojua ni yeye. Miaka tisa hakuna kinywa kilichomwita jina lile, na nusura limpite kama mgeni njiani. Alipojitokeza mbele watu wakacheka, wakasema huyo ni Fundi.

Walikwenda ofisini, na Placide akamsomea. Barua ya kwanza ilikuwa ya miaka saba nyuma, imeandikwa na mwalimu wa msikitini kwa maneno ya mzee.

"Kwa Fundi Alimasi. Baada ya salamu. Kasha la mchele uliloliacha nimelipitishia gumba. Nimelipitishia mara tatu, na mara ya tatu nikamwita mkeo mama yako Amisa naye alipitishie, kwa maana nilidhani gumba langu limekufa. Kiungo kiko wapi? Kilemba nimekwisha kukipokea, njoo na mikono mitupu. Nimeanza mlango wa nyumba yetu. Miimo nitaichonga mimi. Kizingiti cha juu ni chako."

Placide akasema kwa adabu kwamba hapo kwenye "mkeo" mwalimu ameteleza, bila shaka ni "mke wangu". Alimasi hakusikia. Alikuwa anaomba asomewe tena mstari wa kwanza, yale maneno mawili yaliyokaa pamoja, Fundi na Alimasi. Mbili nyingine ziliuliza tu atarudi lini. Barua hizo tatu zilikuwa zimelala hatua sitini kutoka kwenye kibanda chake, kwa sababu katika orodha ya kampuni hapakuwa na mtu aitwaye Alimasi.

Placide alikuwa mtu wa haki. Alisema atamwombea kwa Mzungu afanyiwe mtihani wa useremala mwisho wa mwezi ujao. Akipita, buku litaandikwa upya, jina na kazi, na mshahara wa fundi. Mkataba ulikuwa umebaki siku tisa. Akitaka mtihani, asaini tena. Alimasi alilitazama lile buku ambamo kwa miaka tisa aliota kuona neno moja tu. Kisha akamwomba Placide karatasi ya njia, ruhusa ya kurudi kwao siku hizo tisa zikiisha.

Alitembea siku nne badala ya tano. Kasongo aliingia wakati wa alasiri, kilemba kikiwa kifuani, na kutoka mbali aliiona nyumba. Miimo miwili ya mvule ilikuwa imesimama mlangoni, mmoja kila upande, imechongwa maua kutoka chini mpaka juu, na juu yake hapakuwa na kitu. Palikuwa na bua la mtama tu, limelazwa kushikilia makuti yasianguke.

Mama Amisa alikuwa ameketi nje akipepeta mchele, amevaa nguo za eda. Alimasi aliona zile nguo, akaelewa, akakaa chini pale pale mavumbini.

"Mutoto wangu, arubaini ya muzee ilipita siku sita," akamwambia. "Tulimutuma Kasimu, mutoto ya jirani, na habari mpaka kule kambini. Wakamuambia Alimasi hakuna."

Alimwambia yote, pole pole, huku mchele umeachwa kwa kuku. Kwamba wateja waliouliza mbona mlango wake mwenyewe hauna kizingiti cha juu waliambiwa na mzee, miaka yote, kwamba fundi yuko safarini. Kwamba mafundi wengine wawili walijitolea kukichonga, akawafukuza. Kwamba alikuwa akiuliza kila msafiri wa Kabambare, na kila msafiri alisema kule kuna Fundi mmoja tu, hodari wa mifereji, lakini Alimasi hawamjui. Alimasi akalia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani, bila kujificha, na Mama Amisa akamwacha alie mpaka akamaliza.

Ubao wa kizingiti ulikuwa nyuma ya nyumba, umekaushwa miaka saba, umefunikwa kwa mkeka. Alifanya kazi wiki tatu kwa tezo la mjomba wake. Katikati, mahali ambapo mchongaji huweka jina lake, alichonga neno aliloandikiwa na mwalimu wa msikitini: Sumaili. Majirani walimwuliza mbona hakuweka la kwake, na kizingiti ni kazi yake. Akajibu kwamba la kwake Wazungu walikwisha kuliandika, linatosha.

Siku alipokipandisha juu ya miimo hakuita watu. Alikiunga taratibu, akapanguza vumbi, kisha akaleta kigoda, akamsaidia Mama Amisa kupanda. Akamwomba afumbe macho. Yule mama hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameolewa na fundi miaka arobaini. Akaweka gumba lake juu ya mwimo, mahali pa maua ya mumewe, akalipandisha polepole mpaka kwenye kizingiti, akalirudisha chini, akalipandisha tena.

"Kiungo iko wapi, mwanangu?" akauliza.

Alimasi alishika kigoda kwa mikono miwili asije akaanguka yule mama. Kile kitambaa cha hariri kipo mpaka leo katika kasha la mchele, na kila Idi, maisha yake yote, Alimasi alikuwa akikitoa, akikianika nusu siku mlangoni, akikikunja tena.