Karatasi ya Dawa ya Injini

Mashine yangu ya kusaga mahindi hapa Lurambi inaendeshwa na injini ya dizeli. Mwaka jana ilianza kukohoa moshi mweusi, hadi mteja mmoja akaniuliza kama siku hizi nasaga makaa. Fundi wangu alikuwa ameniambia mara nyingi nibadilishe oili na nikung'ute filta ya hewa, lakini nilimwona mtu wa maneno mengi tu. Nikaenda sokoni nikanunua dawa ya injini, chupa ndogo nyekundu, kwa sababu muuzaji aliapa kwamba inafufua hata injini iliyokufa.

Mimi si mtu wa kutumia dawa bila kusoma maagizo. Karatasi yake ilisema kwanza nimwage oili kuukuu, nikaimwaga, ikatoka nyeusi na nzito kama uji wa wimbi. Pili, nisafishe filta ya hewa. Humo nilikuta unga wa kutosha ugali wa watu wawili. Tatu, nitie oili mpya. Nne, nimimine dawa.

Injini iliwaka mara moja, bila moshi. Nikamwita fundi aje aone maajabu ya chupa yangu. Akaisoma ile karatasi polepole, kisha akasema, "Mama, si haya ndiyo nimekuwa nikikuambia?"

Nilimjibu kwamba yeye hakuwahi kuyaandika.

Ile karatasi nimeibandika ukutani. Injini ikianza kukohoa naifuata neno kwa neno, isipokuwa agizo la nne.