Mbuzi Wanne Ndani ya Boti

Leo nimeendesha gari lenye boti juu ya paa, na ndani ya boti mbuzi wanne.

Ngojeni nieleze.

Shule yetu iko ng'ambo ya laga, mto wa msimu, na wiki hii laga imejaa maji. Nikaleta boti ndogo kutoka Garissa, nimeifunga mdomo ukiangalia juu badala ya chini. (Najua. Msiniseme.)

Kabla ya Bura, mzee mmoja akanisimamisha. Huku mbuzi husafiri juu ya gari, basi akawapandisha wake kwenye boti bila hata kuniuliza.

"Mwalimu, gari yako iko na nafasi nzuri sana."

Kufika laga, wazazi wote wananisubiri. Kitu cha kwanza wanaona ni pembe.

Aibu niliyoisikia, wacha tu.

Na hawa ndio walioapa hawapandi boti.

Ayeeyo Halima, nyanya ya mwanafunzi wangu, akatazama mbuzi wakishushwa wazima.

"Kama mbuzi imekaa ndani na imenyamaza, mimi naogopa nini?"

Boti ilipowekwa majini, akaingia wa kwanza, akakalia mavi ya mbuzi bila kujali. Wengine wakamfuata.

Mpaka sasa amevuka mara tano, na ng'ambo hana shughuli yoyote.

Nani anakuja kunisaidia kumshusha?